Namna ya kukusanya katuni na riwaya za zamani ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Katuni, hadithi za picha na riwaya za upelelezi zilizosomwa huku kwetu tangu miaka ya 1960 zilichapwa kwenye karatasi duni ili ziuzwe bei nafuu. Nakala moja ilizunguka mtaa mzima, na ilipochakaa ikaishia kuwasha jiko. Ni nadra kukuta gazeti la vichekesho kwenye rafu za maktaba zetu. Kilichobaki kiko majumbani, kwenye masanduku ya bati na juu ya dari, na kinapungua kila msimu wa mvua. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kuokoa sehemu yake.

Kwanza: amua unafuata uzi gani

Usikusanye kila karatasi ya zamani unayoiona. Utajaza chumba, utagombana na wa nyumbani, na mwisho utakuwa na lundo lisilo na kichwa wala miguu. Chagua uzi mmoja uufuate mpaka uuzoee.

Uzi rahisi kwa anayeanza ni riwaya za upelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapwa 1960. Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akampa msomaji jasusi Willy Gamba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, na Ben Mtobwa akamleta mpelelezi Joram Kiango. Waandishi hawa wanajulikana na vitabu vyao vina majina, kwa hiyo unaweza kuandika orodha na kuweka alama kila unapopata kimoja.

Magazeti ya katuni ni magumu zaidi, ila ndiyo ninayoyapenda kuliko yote. Sani ndilo lililowakutanisha wasomaji na Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Pimbi. Philip Ndunguru, mchoraji aliyewapa wahusika hao sura, alifariki 1986, na wengine wakaendelea kuwachora. Nakala yoyote ya kabla ya mwaka huo yenye mkono wake iweke mbele ya nyingine zote. Halafu kuna Kingo la James Gayo, la miaka ya 1990, ambalo bado linapatikana kwa anayetafuta. Ugumu wa magazeti haya ni kwamba visa vingi vinaendelea toleo kwa toleo: unaweza kuwa na mwanzo na mwisho, katikati ukaikosa kwa miaka.

Hadithi za picha, zile zenye waigizaji waliopigwa picha na maneno yao kuandikwa juu ya picha, ndizo adimu kabisa. African Film, lenye mpelelezi Lance Spearman, lilisomwa Afrika Mashariki nzima mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingawa liliandikwa kwa Kiingereza. Film Tanzania la Katalambulla lilifuata mtindo huohuo kwa Kiswahili. Ukikuta nakala yenye jalada, nunua kwanza, maswali yafuate.

Anayependa za kutisha asitafute rafu yake peke yake. Majini, wachawi na wafu wanaotembea wamo humohumo ndani ya magazeti ya vichekesho na riwaya za upelelezi, kwa hiyo utalazimika kusoma ndani na kuandika ukurasa. Na za kutoka nje? Zipo. Masanduku ya vitabu vya msaada huleta vijitabu vya vita vya Commando vya Uingereza, na mara chache gazeti la kutisha la Marekani kama Creepy, lililoanza 1964. Riwaya za James Hadley Chase zimejaa kila kibanda cha vitabu vya mitumba. Nunua ukipenda, lakini shilingi yako ya kwanza iende kwa Kiswahili. Creepy lina maelfu ya watu wanaolitunza na orodha kamili ya matoleo yake. Sani la mwaka 1983 ulilolishika mkononi, huenda wilaya nzima haina jingine.

Pili: pa kutafuta

Vibanda vya vitabu vya mitumba vya Mwanjelwa, Mbeya, na vya kuzunguka Soko Kuu la Iringa, ni mahali pa kuanzia. Pitia mara kwa mara, muuzaji akujue kwa sura na ajue unachotaka. Muachie namba ya simu na jina la uzi wako, si maneno ya jumla kama "vitabu vya zamani", maana atakuitia vitabu vya hesabu vya darasa la sita.

Lakini chanzo ambacho wengi wanakipita bila kukiangalia ni karatasi za kufungia. Wauza karanga, maandazi na dagaa hununua karatasi chakavu kwa uzito, na ndani ya bunda la madaftari ya shule hujificha mambo. Nunua karanga kwanza, kisha uliza kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Za mia mbili?"

"Za mia tano. Mama, hizi karatasi za kufungia unazipata wapi?"

"Kuna kijana ananiletea, huyo anayepitapita na vyuma chakavu. Kwani vipi?"

"Hili gazeti la chini lina katuni. Nikikuletea madaftari ya uzito uleule, utanipa?"

Mama anabaki na karatasi za kufungia, wewe umeokoa gazeti. Kisha mtafute yule kijana wa vyuma chakavu, kwa sababu ndiye anayeingia uani mwa watu wanapohama au wanapogawana vya marehemu. Mlipe kidogo zaidi ya anacholipwa kwa uzito, na mwambie asizifunge kwa kamba inayokata pembeni.

Chanzo cha tatu ni wastaafu: walimu, manesi, watumishi wa reli ya TAZARA, waliofanya kazi kwenye mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe. Hawa walikuwa na mshahara, walijua kusoma, na walikuwa na safari ndefu za treni za kujaza. Usifike kwa mzee ukaanza na bei. Salimia, ukiwa Iringa au Njombe "kamwene" yako ya kwanza itakufungulia mlango kuliko hoja yoyote. Kaa, muulize alikuwa akisoma nini ujanani, alikuwa akimpenda nani katika hadithi zile. Mzee akianza kumsimulia Willy Gamba kwa furaha, sanduku litafunguliwa lenyewe, labda siku hiyo, labda ukirudi. Akikukatalia kuuza, omba ruhusa ya kupiga picha majalada. Na akikuuzia kwa bei ya chini kwa kutojua, mwambie ukweli kwamba kitu hiki ni adimu. Utapoteza fedha kidogo, lakini jina lako litatembea vizuri kijiji kizima.

Ndani ya vitabu vya namna hii hukosi barua, picha za pasipoti, au risiti ya mtu. Rudisha barua na picha kwa wenyewe kabla hujaondoka.

Kuna nyumba za udongo na za matofali mabichi ambazo kuta za ndani zilibandikwa magazeti ili kuzuia vumbi na baridi. Usijaribu kubandua. Yalibandikwa kwa uji wa unga, na yakitoka yatatoka vipandevipande. Omba ruhusa, subiri mwanga wa dirishani, piga picha ukuta mzima kisha kila ukurasa karibu. Nimewahi kuona kwenye ukuta mmoja katuni ya Chakubanga, ya Christian Gregory wa gazeti la Uhuru, ikiwa bado inasomeka neno kwa neno, wakati nakala za gazeti lenyewe sijazikuta sokoni.

Tatu: kagua kabla ya kulipa

Riwaya, itazame mgongo. Gundi ya vitabu vya bei rahisi hukauka na kupasuka, na kurasa za mwanzo na za mwisho ndizo hudondoka kwanza. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa za mwisho ni hasara kubwa, kwa sababu muuaji yuko huko. Hesabu namba za kurasa, usiamini unene.

Gazeti la katuni lina mtihani wake. Lifungue katikati, kwenye pini. Ukurasa wa katikati ni karatasi moja iliyokunjwa. Pini zikila kutu, karatasi hiyo huchomoka yote na kurasa nne zimekwenda. Wengine waliichomoa kwa makusudi wabandike ukutani. Kisha tafuta ukurasa wa marafiki wa kalamu, kama upo, kwa sababu kijana aliyetaka kuandika barua alikata anwani kwa wembe, na nyuma ya anwani ile kulikuwa na kipande cha katuni. Pindua kila ukurasa ukiuinua kwenye mwanga, utaona matundu.

Nusa. Harufu ya vumbi kavu si tatizo. Harufu ya unyevu, kama ya shimo la viazi, inamaanisha kuvu iko hai, na kuvu iliyo hai haiingii nyumbani kwenye vitabu vingine bila kutengwa. Unga laini unaodondoka kutoka mgongoni ni alama ya wadudu wanaobungua. Vijinjia vyembamba vilivyochimbwa kurasani huthibitisha.

Jina la mwenye kitabu lililoandikwa kwa kalamu ya bluu, "S.L.P. fulani, Mbeya", wakusanyaji wa nje huliita kasoro. Mimi naliona faida. Linakuambia kitabu kilifika wapi na kilisomwa na mtu wa aina gani. Muhuri wa maktaba au wa shule ni jambo jingine: kama hakuna alama kwamba kimeondolewa rasmi, usinunue, kirudishe kilikotoka.

Nakala bovu usiidharau. Gazeti lenye nusu ya kurasa linaweza kukupa ule ukurasa mmoja wa kisa unachokikosa.

Nne: jua mwaka

Riwaya nyingi zilichapwa tena na tena, na muuzaji atakuambia zote ni "za zamani za kwelikweli". Fungua nyuma ya ukurasa wa jina. Huko ndiko kunakoandikwa mwaka wa toleo la kwanza na miaka ya chapa zilizofuata. Mwaka wa mwisho katika orodha ndio mwaka wa nakala uliyoishika.

Kama ukurasa huo haupo, fuata dalili. Jina "Tanganyika" peke yake kwenye anwani linarudi nyuma ya 1964. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948 na ikafa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977. Namba ya ISBN, ile ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, yenye 9976 au 9987 ni ya mchapishaji wa Tanzania, yenye 9966 ni ya Kenya. Ikiwa ina tarakimu 10 tu, kitabu ni cha kabla ya 2007, mwaka ambao dunia ilihamia tarakimu 13. Bei iliyochapwa kwenye jalada nayo inasaidia, ukiilinganisha na nakala nyingine unazozijua.

Hata maandishi ya mwenye kitabu yana umri. Aliyeandika "Njombe, Mkoa wa Iringa" aliandika kabla ya 2012, Njombe haijawa mkoa. "Tunduma, Mbeya" ni kabla ya Songwe kuzaliwa 2016.

Tano: karantini na usafi

Kila kipya kikae peke yake kwanza. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki safi, kiweke mbali na vingine kwa wiki chache, ukitazame kama kuna unga mpya au mdudu anayetembea. Ukiona dalili ya wadudu, tumia friza. Funga kitabu kikavu kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiache kwenye friza yenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka siku inayofuata, la sivyo jasho la baridi litatua juu ya karatasi. Dawa ya kupulizia wadudu usiiguse: inatia madoa, na wewe ndiye utakayeivuta puani ukisoma.

Vumbi litoe kwa brashi laini ya rangi, mpya, ukisukuma kutoka mgongoni kwenda nje. Kuvu isafishwe nje ya nyumba, siku ya jua na upepo, ukiwa umevaa barakoa, na baada ya kitabu kukauka kabisa kivulini. Kuvu mbichi ukiipangusa unaipaka.

Kitabu kilicholowa kiwekee karatasi nyeupe zisizo na maandishi kila baada ya kurasa chache, uzibadilishe zinapolowa, kikaukie penye upepo. Kukianika juani kunakipinda na kukifubaza. Kukipiga pasi kunaivunja karatasi.

Pini zenye kutu zinyooshe kwa nyuma kwa kisu butu na uzitoe taratibu. Kurasa zishikilie kwa uzi wa pamba uliopitishwa kwenye matundu yaleyale. Selotepu, hapana. Baada ya miaka michache gundi yake inageuka njano, inapenya upande wa pili, na hakuna wa kuitoa. Ukurasa uliochanika uache ulivyo ndani ya mfuko wake.

Sita: pa kuhifadhi

Mtu wa Mufindi anajua ubao wa paini ukiachwa juani unavyobadilika rangi. Karatasi ya gazeti ni mti huohuo uliosagwa, na kile kinachoupa ubao rangi ya kahawia bado kimo ndani yake. Mwanga na hewa vinakiamsha, karatasi inakuwa njano, kisha inavunjika ukiikunja. Huwezi kuzuia kabisa. Unaweza kuchelewesha, kwa kuinyima mwanga, unyevu na joto.

Baridi ya nyanda zetu ni msaada mkubwa hapa. Tatizo ni mvua. Kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei hewa inajaa maji, na Tukuyu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu huko mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Iringa mjini ni kukavu zaidi, unaweza kupumua. Kyela kuna joto na unyevu pamoja, na mkusanyaji wa Kyela mwenye ndugu Mbeya mjini afikirie kumwachia sanduku. Ratiba yangu ni rahisi: Julai hadi Septemba fungua masanduku, pitisha upepo kivulini, kagua kila nakala, ifikapo mwisho wa Oktoba vitu vikiwa vikavu, funga.

Kila gazeti liingie kwenye mfuko wake wa plastiki, ule unaoonyesha ndani, wa kuwekea karatasi za faili, unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ofisi. Tafuta alama ya pembetatu yenye namba 5, au 2, au 4. Yenye namba 3, ambayo inanuka kama koti jipya la mvua, hutoa kemikali na kunatana na wino. Acha mdomo wa mfuko wazi kidogo. Riwaya zisimame wima, zisibanwe wala zisilale upande. Magazeti yalale, machache kwa rundo.

Sanduku liwe la bati au la plastiki lenye mfuniko, lisikae sakafuni wala lisiguse ukuta wa nje, maana ukuta huo unatoa jasho usiku wa baridi. Liweke juu ya matofali au mbao. Ndani tupia vile vipakti vidogo vinavyokuja na viatu vipya, vinavyonyonya unyevu. Dari ni mahali pabaya, hata kama ndiko babu alikoweka: bati linachoma mchana, linavuja masika, na panya wana makazi. Chumba chenye jiko la mkaa Juni na Julai nacho si cha vitabu, moshi hukaa kwenye karatasi milele.

Saba: daftari

Hili lina kazi ndogo na faida kubwa. Kila nakala iandikie jina, toleo, mwaka, ilipatikana wapi na lini, nani alikuwa nayo, bei, na kurasa zinazokosekana. Mzee akikusimulia kwamba gazeti lile lilikuwa linashushwa stesheni na watu wakilipigania, liandike siku hiyohiyo. Usiandike kitu juu ya nakala yenyewe, hata kwa penseli kwenye jalada. Kisha piga picha ya jalada na uhifadhi sehemu mbili, kwenye simu na nje ya simu.

Orodha ya unavyokosa tembea nayo. Vitakuwa vichache utakavyonunua mara mbili, na mwenye orodha inayofanana na yako mtabadilishana. Kubadilishana ndiko kunakokamilisha visa vilivyokatika katikati, kuliko kununua.

Nane: kunakili, kuazimisha na kurithisha

Kupiga picha kurasa kwa ajili ya hifadhi yako ni busara. Kuzisambaza ni suala jingine. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ben Mtobwa alifariki 2008, kwa hiyo familia yake ina haki kwa miaka mingi ijayo. Ukitaka riwaya nzima iwafikie wengine, watafute wenye haki, kwa sababu baadhi ya waandishi na wachoraji wa zama zile wako hai na wangefurahi kujua kuna mtu anawatafuta.

Usiazimishe nakala ambayo huna nyingine. Mtu akitaka kusoma aje nyumbani, umtengee meza, chai ikae meza nyingine.

Na nyumbani wajue. Nakala nyingi hazikuuawa na mchwa, ziliuawa na shemeji aliyekuja kusaidia usafi wa Krismasi. Bandika juu ya sanduku karatasi yenye maandishi makubwa kwamba humu si takataka. Mchague mmoja wa watoto au wapwa, mfundishe daftari linasomwaje, mwambie kitabu gani kinakwenda kwa nani na namba ya simu ya mkusanyaji mwenzako ni ipi. Hayo yote yaandike pia mwenyewe, uyaweke ndani ya mfuniko wa sanduku.